Kidonge kilichotoka Prague: maswali yenu kuhusu vyuo na viwanda

Makala yangu iliyopita ilihusu vyuo vikuu na kampuni katika nchi zilizoachana na uchumi wa mipango ya serikali. Maswali yamekuja mengi, nami nimechukua matano.

Hao uliowaita wa "uchumi wa mpito" ni akina nani, na kwa nini vyuo vyao viko mbali na viwanda? (Mwalimu wa sekondari, Dodoma)

Mwalimu, ni nchi kama Poland, Ucheki, Hungaria, Estonia na Slovenia, ambazo kuanzia 1989 ziliingia soko huria. Huko nyuma kila mtu alikuwa na chumba chake. Chuo kikuu kilifundisha, utafiti mzito ukafanywa na akademia ya sayansi (shirika la taifa la taasisi za utafiti), na viwanda vikawa na taasisi zao za utafiti. Aliyewaunganisha ni wizara: ndiyo iliyoamua nani atafiti nini na nani atengeneze nini. Mfumo ulipoanguka, mwunganishaji huyo akaondoka. Wageni wengi walionunua viwanda walikuja na teknolojia kutoka makao yao makuu, na taasisi nyingi za viwanda zikafungwa au zikabaki na watu wachache. Watafiti walikuwepo na viwanda vilikuwepo, ila hapakuwa na mtu aliyezijua pande zote mbili.

Nimesikia dawa za VVU tunazowapa wagonjwa wetu zina asili ya Ulaya Mashariki. Ni kweli? (Muuguzi, kliniki ya CTC, Tanga)

Ni kweli, dada, na swali lako limenifurahisha kuliko yote. Chukua kopo la kile kidonge kimoja cha kila siku usome lebo: tenofovir miligramu 300, lamivudine miligramu 300, dolutegravir miligramu 50. Dawa hiyo ya kwanza ilianzia Prague, mji mkuu wa Ucheki ya leo, mikononi mwa mkemia Antonín Holý, katika taasisi ya kemia ya akademia ya sayansi ya nchi iliyoitwa Chekoslovakia wakati huo.

Holý alitengeneza molekyuli na kuzituma Leuven, Ubelgiji, ambako Erik De Clercq alizijaribu dhidi ya virusi. Urafiki huo ulianza miaka ya 1970, wakati kuvuka kutoka upande mmoja wa Ulaya kwenda mwingine kulihitaji kibali juu ya kibali. Kampuni kubwa ya dawa ya Marekani, Bristol-Myers, ikachukua leseni ya kuziendeleza. Mwaka 1989 ikaungana na Squibb, vipaumbele vikabadilika, na kazi ya Holý ikawekwa kando.

Hapo ndipo utafiti mwingi hufia. Huu haukufa, kwa sababu haki zilirudi kwa wenyewe, na kwa sababu ya mtu mmoja. John Martin, aliyezifahamu molekyuli hizo alipokuwa Bristol-Myers, alihamia Gilead, kampuni changa iliyoanzishwa 1987, na kampuni hiyo ikachukua leseni upya. Oktoba 2001 tenofovir iliidhinishwa Marekani kutibu VVU. Holý alifariki tarehe 16 Julai 2012, siku ileile Marekani ilipoidhinisha Truvada, yenye tenofovir ndani yake, itumike pia kuwakinga watu ambao hawajaambukizwa.

Mrabaha (malipo ya kutumia uvumbuzi huo) ulioingia Prague ulifika mabilioni ya korona, fedha za Ucheki. Taasisi ikakarabati majengo yake, na 2009 ikaanzisha kampuni yake ya kupeleka uvumbuzi sokoni. Mimi nikiisoma habari hii namwona zaidi Martin: alihama kazi, akahama na imani yake kwa kazi ya mwenzake.

Je, mifumo ya kidijitali ya Estonia nayo ilianzia chuoni? (Mwanafunzi wa TEHAMA, Mombasa)

Kwa sehemu kubwa ilianzia kwenye taasisi. Tallinn, mji mkuu, ilikuwa na Taasisi ya Sibanetiki (sayansi ya mifumo ya udhibiti na mawasiliano) tangu 1960. Mwaka 1997 sehemu ya watafiti wake wakawa kampuni, Cybernetica, ambayo ilishiriki kujenga X-Road, mfumo ulioanza 2001 wa kuunganisha kanzidata za serikali. Mteja wao wa mwanzo alikuwa serikali yao wenyewe. Kijana wangu, hilo usilipite haraka: kampuni ya watafiti inahitaji mtu wa kununua kazi yake ya kwanza.

Nina kiwanda kidogo cha kusindika maziwa. Sisi wadogo tunaanzia wapi? (Njombe)

Anza na tatizo moja dogo, si mradi. Estonia iliwapa wenye biashara ndogo vocha ya ubunifu, fedha kidogo za kulipia chuo kazi moja tu, kwa mfano kupima kwa nini bidhaa inaharibika mapema. Slovenia nayo, ambayo imewalipia watafiti vijana tangu 1985, baadaye iliongeza wale wanaosomea shahada ya uzamivu wakiwa wameajiriwa kiwandani. Wewe mwombe mhadhiri akuletee mwanafunzi mmoja wa mafunzo kwa vitendo, umpe mtindi wako unaochachuka kabla ya siku zake, na umwache aulize.

Kampuni inataka kushirikiana na idara yetu, lakini inasema mkataba uje "tukishaona matokeo." Tukubali? (Mhadhiri, Morogoro)

Msikubali, ndugu. Matokeo yakishaonekana, kila mmoja anaona jasho lake tu. Andikeni sasa hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) itakuwa ya nani, mrabaha utagawanywaje, na, jambo ambalo wengi husahau, haki zitarudi kwa nani kampuni ikiacha kuifanyia kazi. Kumbukeni Prague. Wekeni pia muda wa kampuni kusoma makala kabla hamjaichapisha, kwani Ulaya, kwa mfano, ukichapisha kabla ya kuomba hataza umeipoteza. Muda huo uwe wa wiki, usiwe wa miaka, maana kuna mwanafunzi anayesubiri kutetea tasnifu yake.