Kitenge gani kwa mfarishi wa kaleidoskopu?

SWALI: Jambo, Mama Fundi. Nashona mfarishi wa viraka wa mtindo wa kaleidoskopu, pembetatu sita zikikutana ncha ziwe nyota. Kitenge changu cha vidoti kilitoa nyota zilizopoa, zote sawa. Ninunue kipi hapa Kadutu? (Msomaji, Bukavu)

JIBU: Jambo, binti yangu. Vidoti viweke pembezoni. Tafuta picha kubwa, mistari iliyojikunja, rangi zinazogombana. Na usikimbie kile kinachoonekana kibaya mezani kwa muuzaji. Mimi nilikikataa kimoja cha samaki wa njano juu ya zambarau, kesho yake nikakirudia. Jicho la samaki lilipokutana mara sita katikati likawa ua. Niliacha cherehani nikabaki kuliangalia.

Nenda sokoni na vioo viwili vidogo. Visimamishe juu ya kitambaa, vigusane upande mmoja kwa pembe ya nyuzi 60: utaiona nyota nzima kabla hujalipa. Kisha pima picha inajirudia baada ya sentimita ngapi, maana unahitaji marudio sita yaliyo sawasawa. Ikijirudia kila sentimita 60, ni mita 3.6, kitenge cha yadi 6 kinatosha na kubaki. Ukipanga marudio hayo sita juu kwa juu kama tabaka, ili ukate pembetatu sita zinazofanana, choma pini mahali palepale kwenye kila moja, tuseme ncha ya mdomo wa ndege. Tabaka likiteleza kidogo tu, nyota inapinda.