Barua kwa Mwanangu: Kadi Iliyokuwa Pindoni

Mwanangu,

Umeniuliza kama ukapige picha ya mishipa ya kichwa, kwa kuwa mjomba wako alianguka ghafla, na bibi yako kabla yake. Nitakujibu. Ila kwanza wifi yangu.

Siku ile mjomba wako alikuwa barazani, anawasha sigara yake ya baada ya chakula. Mara akashika kisogo: "Dada, nimepigwa rungu!" Nyuma yake palikuwa na ukuta tu. Akatapika, akaanguka. Kabla ya alfajiri hatunaye.

Daktari aliyesoma picha yake alinichorea nyuma ya kadi: mshipa, panda yake, na pale pandani kinundu kama zabibu. "Ni kama mpira wa baiskeli uliochoka mahali pamoja," akasema. "Unatuna taratibu, presha na sigara vikiuchosha, mpaka unapasuka." Kadi nikaifunga kwenye pindo la kanga.

Nyumbani nikakuta wameshakata shauri: mchuzi wa papa aliopika mkewe ndio uliomuua. Wajua nisemavyo siku zote, kifo kikikosa maelezo hutafutiwa mwanamke. Lakini maelezo hayakukosekana! Nilikuwa nayo pindoni. Wanamtoa na sanduku lake, hata eda hajamaliza, mimi nimeinamia sufuria ile ile ya mchuzi, nasugua.

Haya, picha. Daktari alisema watu wazima kama 3 katika kila 100 wanatembea na kinundu hicho, na vingi havipasuki maisha yote. Ukikiona utalala? Na kukitibu nako kuna hatari zake. Basi usiende. Lakini ngoja: alisema pia kwamba wa kufikiriwa kupimwa ni mwenye watu wawili wa damu ya karibu waliopatwa, yaani mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto. Kwako hao ni bibi na mjomba. Kwangu ni mama na kaka. Ingawa mama hakupigwa picha yoyote. Alianguka akitoka kisimani, ndoo kichwani, na jirani mmoja akasemwa. Mwanamke, bila shaka.

Sigara sivuti. Dawa ya presha nameza, nikikumbuka.

Sikuambii nenda, sikuambii kaa, ingawa ulimi unaniwasha. Ukija Idi, mpitie mkazamjomba wako uje naye, akikubali. Kadi ninayo bado.

Mama yako