Glasi ya maji haipimi nywele

SWALI: Dada, habari za kazi. Nilitumbukiza unywele kwenye glasi ya maji, ukaelea. Muuza vipodozi akasema nywele zangu hazinywi maji, akaniuzia mafuta ya aina tatu na kuniambia nioshe kwa magadi soda ili "zifunguke". Huu mwezi wa pili, ncha zinakatika mno. Niliziblichi mwaka juzi, lakini nilishaacha. Nifanyeje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Mdogo wangu, hiyo glasi nimeichoka. Haipiti wiki bila mteja kunitajia majibu ya glasi kabla hajavua hata kilemba.

Unywele umeundwa kwa keratini, aina ya protini, ambayo ni nzito kuliko maji ya ujazo uleule. Ulitakiwa uzame. Unaelea kwa sababu uso wa maji hujivuta kama ngozi nyembamba, ileile inayombeba mdudu anayetembea juu ya dimbwi, na kwa sababu una mafuta. Uoshe unywele huohuo kwa shampuu, uloweshe, uusukume chini kwa kidole: utazama. Je, nywele zako zimebadilika kwa dakika mbili?

Halafu unywele mmoja hauna hali moja. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, za kipilipili mara nyingi chini ya hapo. Za karibu na ngozi hazijaonja blichi kabisa, ila ncha ni zilezile za mwaka juzi, magamba yake, yaani vipande vidogo vinavyoufunika unywele, yameinuka au yamebanduka, na hayarudi. Huko ncha maji yanaingia kama chai kwenye andazi, na yanatoka upesi vilevile. Muuzaji alipima unywele mmoja akakiandikia dawa kichwa kizima.

Na magadi! Ni alkali, huvimbisha unywele na kuinua magamba. Rilaksa nayo ni alkali, kali zaidi, ndiyo maana hupenya. Ncha zako zilikuwa wazi tayari, akakuongezea.

Acha magadi leo. Kata ncha sentimita 3 au 4, usizionee huruma. Usiku wa kuamkia siku ya kuosha, paka mafuta ya nazi kwenye urefu. Ni kati ya mafuta machache yanayoingia ndani ya unywele, na hupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Shampuu iishie kwenye ngozi ya kichwa, kondishena ikae kwenye ncha, na uchane ikiwa bado imo. Nywele za karibu na ngozi zikiwa ngumu kupokea maji, stiming, yaani mvuke wa moto, inatosha.

Mimi nywele nazipima kwa maswali: uliweka nini, lini, na zikilowa zinakauka baada ya muda gani?

Kinachonitia hofu zaidi ni hizi "dawa maalumu za nywele zisizonywa maji" zinazochanganywa majumbani. Mteja wangu mmoja alikuja na chupa ya maji ya kunywa, karatasi imebandikwa kwa selotepu, imeandikwa jina lake tu. Hakuna viambato, hakuna tarehe, hakuna alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Ngozi ilikuwa imechubuka nyuma ya masikio. Huyo sikumgusa, nilimwambia aende kwa daktari wa ngozi. Kabla hajaondoka nilimwomba ampigie muuzaji amuulize mle ndani mna nini. Akajibiwa, "Siri ya biashara." Ukijibiwa hivyo na wewe, rudisha chupa na udai hela yako.