Modeli ya zamani ya ndege ya abiria: isome karatasi ya maelekezo, kisha iweke pembeni

Ukibahatika kupata boksi la zamani lenye modeli ya plastiki ya ndege ndogo ya abiria, soma karatasi ya maelekezo mwanzo hadi mwisho, halafu usiufuate mpangilio wake. Mahali pa kubandika kila kipande ni palepale, hapo huna ujanja. Lakini utaratibu wa kipi kitangulie na kipi kifuate ulipangwa kwa ajili ya mtoto anayetaka ndege yake iwe tayari kabla ya kulala. Wewe unataka ya kuweka kabatini na kuitazama kwa miaka, tena iliyopakwa rangi, na hilo linabadilisha karibu kila hatua.

Mezani kwangu sasa hivi ipo de Havilland Heron ya Airfix, kampuni ya Uingereza ya modeli za plastiki, skeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, modeli ya tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Heron yenyewe iliruka mara ya kwanza Mei 1950, ikiwa na injini nne za Gipsy Queen, na ilibeba abiria 14 hadi 17 kwenye safari fupi. Kule Scotland shirika la ndege la Uingereza la BEA (British European Airways) liliitumia hata kubebea wagonjwa. Mabawa yake yalikuwa na upana wa karibu mita 22 ncha hadi ncha, kwa hiyo modeli inafika sentimita 30 hivi, saizi nzuri isiyokula meza nzima. Ninayoyaeleza yatakufaa pia ukiwa na Fokker F27 au Islander za Airfix, au Twin Otter ya Matchbox, kampuni nyingine ya modeli.

Kabla ya kukata chochote, hesabu vipande na uanze na vile vya kioo. Kipande cha plastiki ya kawaida kikikosekana unaweza kukichonga mwenyewe, ila kioo cha mbele cha rubani kikipotea umeingia kwenye kazi nyingine kabisa. Ukikuta kila kitu kimo na pakiti za ndani hazijafunguliwa, jiulize kama kweli unataka kuijenga, maana kuna watu wanakusanya maboksi ya namna hiyo na wanalipa vizuri. Mimi najenga. Ndege iliyokaa vipandevipande ndani ya boksi miaka sitini imeshasubiri vya kutosha.

Osha vipande vyote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu mafuta ya kiwandani ya kuachanisha plastiki na kalibu hubaki juu yake na rangi haishiki. Usitumie maji ya moto hapa, vipande vyembamba vitapinda. Maji ya moto yana kazi yake: bawa lililopinda kwa kukaa vibaya hulainika likichovywa humo, ukalinyoosha taratibu, ukalishikilia hadi lipoe.

Sasa madirisha. Karatasi itakwambia uyabandike kwa ndani kisha ufunge kiwiliwili. Hapo ndipo modeli nyingi za abiria huharibika, kwa sababu dirisha likibanduka baada ya kufunga, utalisikia likicheza ndani na huna mlango wa kuingilia. Mimi matundu nayaacha wazi, nafunga kiwiliwili, nasugua, napaka rangi, na mwisho kabisa najaza kila tundu kwa gundi nyeupe ya mbao. Unachovya njiti ya meno, unaizungusha kwenye ukingo wa tundu, kisha unavuta utando hadi ufunike. Ukiwa mbichi ni mweupe kama maziwa, ukikauka unakuwa angavu. Kwa matundu madogo ya skeli hii unapendeza kuliko vioo vinene vya zamani. Kabla ya kufunga, paka ndani rangi nyeusi isiyong'aa, na huna haja ya kuhangaika na viti vya abiria ambavyo hakuna atakayeviona.

Jambo lingine la kufanya kabla ya kufunga ni uzito wa puani. Ndege yenye gurudumu la mbele hukalia mkia ikiwa modeli yake haina kitu kizito mbele. Usikisie. Shikanisha kiwiliwili, mabawa na mkia kwa utepe wa karatasi, egemeza mabawa kwenye vidole viwili pale miguu mikuu itakapokaa, na uongeze uzito hadi pua iiname, kisha ongeza kidogo tena. Chubwi ndogo za kuvulia samaki zinafaa sana, lakini kama ni za risasi, usizibandike kwa ile gundi nyeupe ya mbao. Risasi na gundi hiyo hazipatani. Taratibu risasi hugeuka unga mweupe unaovimba, na baada ya miaka pua inapasuka kwenye kiungo. Tumia epoksi.

Gundi ya modeli haifanyi kazi kama gundi nyingine. Huyeyusha plastiki pande zote mbili zikashikana zikawa kitu kimoja, ndiyo maana ya majimaji ni bora kuliko ya tyubu: unakutanisha nusu mbili, unagusisha brashi kwenye mstari, nayo inajipenyeza yenyewe. Ukibana kidogo, plastiki laini hutokeza juu kama uzi mwembamba. Usiuguse. Uache ukauke siku kadhaa, kisha upitishie msasa, na mara nyingi hutahitaji puti ya kuzibia nyufa kabisa. Fungua dirisha la chumba unapofanya kazi hii, mvuke wake si mzuri kwa kichwa.

Kwenye viungo ndipo uweke muda wako wote, kwa sababu ndege ya abiria haina pa kujificha. Ndege ya vita ina rangi za kijani na kahawia zisizong'aa, mikwaruzo yote inalala humo. Ya abiria ina paa jeupe linalong'aa na tumbo la fedha, na kila ufa unajitangaza. Pale mabawa yanapokutana na kiwiliwili, modeli za enzi hizo huacha mwanya unaoingiza ukucha. Kuujaza kwa puti tu ni kujitafutia kazi, maana puti nyingi hunywea zikikauka. Kata kwanza kipande chembamba cha plastiki kutoka kwenye ile fremu iliyoshikilia vipande, kikandamize kwenye mwanya pamoja na gundi, kisha puti ije juu kumalizia. Baada ya hapo puliza praima (rangi ya msingi) ya kijivu na uiangalie kwenye mwanga wa pembeni. Utaudhika. Sugua tena.

Kuhusu ribiti, ile misumari inayoshikanisha bati za ndege, watu hugombana. Modeli za wakati ule zimejaa vipele mwili mzima, na chenye upana wa nusu milimita kwenye skeli hii ni sawa na ribiti ya milimita 36 kwenye ndege halisi, kitu ambacho hakuna fundi angekipigilia. Wengine wanasugua zote. Mimi nazipunguza kwa msasa laini hadi zionekane kwa shida, na nafuta kabisa zile tu zilizo karibu na viungo. Kuifanya Heron ya zamani ifanane na modeli iliyotoka kiwandani jana sioni faida yake.

Propela, miguu na milango ya magurudumu visubiri. Karatasi inakwambia uvibandike mapema. Ukifanya hivyo utavivunja wakati wa kusugua. Maganda ya injini yabandike, lakini yatazame kwa mbele yakiwa yote manne kwenye usawa wa macho, na pima kwa rula kutoka mezani hadi ncha ya kila bawa. Tofauti ya milimita mbili haionekani ukiwa juu yake, ila kwa mbele inachekesha.

Rangi nyeupe ipakwe tabaka nyembamba nyingi, na usubiri kila moja ikauke. Ukitaka mstari wa rangi wa pembeni uwe na ukingo safi, bandika utepe juu ya nyeupe iliyokauka, pitisha nyeupe tena kwenye ukingo wa utepe, ndipo upake rangi ya mstari. Kitakachovuja chini ya utepe kitakuwa nyeupe juu ya nyeupe.

Stika za kulowekwa ndizo zenye umri mbaya kuliko vyote. Zikiwa zimegeuka manjano, zibandike kwenye kioo cha dirisha la jua kali kwa wiki chache, zitapauka. Kisha chukua moja usiyoihitaji uiloweke kwanza. Ikisambaratika majini, karatasi nzima ipulizie vanishi angavu kabla ya kugusa nyingine, na baada ya hapo ukate kila stika karibu na mchoro, kwa sababu vanishi imeziunganisha zote. Ziweke juu ya rangi inayong'aa, kamwe si juu ya rangi kavu isiyo na mng'ao, maana hewa hubaki chini yake na kuacha weupe.

Zikikauka, funika yote kwa vanishi. Ndipo sasa uje na miguu, milango, propela, na ile gundi nyeupe ya madirisha. Propela usizigandishe, tone dogo la gundi nyuma ya mhimili linatosha ili ziendelee kuzunguka ukizipulizia.