Damage ikiongezwa s inageuka hela

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina kibanda cha chipsi huku Mbagala, mwezi uliopita Noah ilipiga rivasi ikalala kwenye kabati langu la vioo, mafuta yakaniunguza mkono. Mwenye gari kagoma kulipa nikaenda kwa wakili, sasa barua yake imejaa damages, mara special damages mara general damages. Mi najua damage ni kuharibika, kwa hiyo ile s si maana yake vimeharibika vingi? Jirani ananibishia eti hapo zinadaiwa hela.

JIBU: Marahaba. Jirani yako kakushinda hapo. Damage bila s ndo uharibifu wenyewe, na Kiingereza hakiuhesabu, kinauchukulia kama maji au unga, hata kingevunjika kibanda kizima na jiko na meza bado ni damage tu. Ukiipachika s imehamia mahakamani, inakuwa fidia, kwa hiyo wakili hasemi vimeharibika vingapi anasema leteni hela.

Sasa hiyo special isikudanganye ukadhani ni ya ki-VIP. Ni hasara inayotajika bei, yaani kioo, fundi, dawa na hela uliyoacha dispensari ukifungwa bandeji. General ni maumivu na usumbufu, hiyo hakimu anakadiria mwenyewe. Ila special lazima uitaje kwenye madai kitu kwa kitu na uithibitishe, Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo kwenye kesi ya Zuberi Augustino na Anicet Mugabe, iko kwenye ripoti za sheria za Tanzania za 1992, na mpaka leo watu wanaangukia hapohapo maana wanaenda na mdomo mtupu. Rudi kwa fundi vioo akuandikie risiti, hata ya mkono, aweke tarehe na sahihi.

Halafu mkono wako usiseme umekuwa damaged, kabati ndo damaged, mtu anakuwa injured. Madaktari wanalitumia damage kwa ini au neva, sawa, lakini wewe mwenyewe ukisema "I was damaged" Mwingereza atakuangalia kama gari lililotoka gereji.

Na akishamaliza kula chipsi zako akauliza "what's the damage?" usikimbilie kukagua kabati, anataka bili.