Wiki moja Hong Kong: visiwani nenda Jumatatu, si Jumapili

Shemeji yangu ana duka la vipuri vya simu Kariakoo. Kwake yeye Hong Kong ni mahali pa kulala usiku mmoja akielekea Guangzhou kufuata mzigo. Mimi na wifi yangu tulipomwambia tunakwenda kukaa wiki nzima na hatununui kitu, alicheka. "Siku saba mtafanya nini? Pale ni maghorofa na watu tu."

Maghorofa yapo, watu ndiyo usiseme. Lakini pale pana visiwa zaidi ya 250, na vinavyokalika unavifikia kwa boti za kawaida, zile wanazopanda watu wakienda kazini. Hilo ndilo sikuambiwa na mtu, na ndilo lililotupa likizo. Kwa hiyo ushauri wangu mwingi hapa ni wa boti.

Kwanza mambo ya karatasi. Mwenye pasipoti ya Tanzania, na ya Kenya pia, anaingia Hong Kong bila viza kwa siku zisizozidi 90. Hata hivyo fungua ukurasa wa uhamiaji wao kabla hujalipa tiketi, maana sheria hubadilika. Na usidanganyike kwamba ukishafika umeshaingia China bara: kuvuka kwenda Shenzhen au Guangzhou kuna viza yake. Plagi ni zile zile za kwetu za meno matatu, magari yanapita kushoto, na dola yao imefungwa kwa ya Marekani tangu 1983, 7.8 kwa moja. Bei yoyote gawa kwa nane, umemaliza.

Chumba ndicho kitakachokushtua. Tulichukua gesti Tsim Sha Tsui, upande wa Kowloon, yaani ule wa bara, kwa kuangalia picha. Picha zilipigwa na fundi. Begi tulilifungulia juu ya kitanda, kwa zamu, na bomba la kuogea lilining'inia juu ya choo chenyewe, kwa hiyo ukioga umekiosha na choo. Wifi alisimama mlangoni akasema, "Wifi, hapa mmoja akiingia mwingine atoke." Uliza ukubwa wa chumba kwa mita za mraba kabla ya kulipa, picha haikwambii kitu. Lakini mahali hatukujutia. Basi la A21 kutoka uwanja wa ndege linakushusha hapo hapo barabara ya Nathan, na nauli yake ni ndogo sana ukilinganisha na treni ya haraka ya uwanja wa ndege.

Chungking Mansions iko mtaa huo huo: jengo la 1961, ghorofa 17, limegawanyika sehemu tano, kila sehemu na lifti zake na foleni zake. Wanaouza simu pale chini ni wa kila taifa, na kijana mmoja alitupigia "Mambo vipi" hata hatujafungua mdomo. Nenda ukale. Chapati na dengu za Wapakistani zilituokoa siku mbili za mwanzo, kabla hatujajua kwamba Wan Chai, ghorofa ya tano ya jengo la msikiti wa Ammar, kuna kantini ya vitafunio vya Kichina vya mvuke na vyote ni halali. Kwa asiyekula nguruwe hili si jambo dogo. Kule mafuta ya nguruwe yanajificha hata kwenye mboga za majani.

Kadi ya Octopus nunua siku ya kwanza. Ile ya kawaida ina amana ya dola 50 za kwao, unarudishiwa ukiirudisha. Inalipa treni, basi, tramu, boti na maji ya dukani. Tramu za ghorofa mbili zipo tangu 1904: unapandia nyuma, unalipa ukishuka mbele. Na Star Ferry, boti za kuvuka bandari kati ya Kowloon na kisiwa cha Hong Kong, inavusha watu tangu 1888. Wifi alipoiona tu akasema, "Si pantoni hii?" Kweli, wanavyokimbilia lango likifunguliwa utadhani uko Kigamboni. Tofauti ni viti. Boti haigeuki, ina usukani kila upande, kwa hiyo abiria wakiingia wanasukuma egemeo la benchi mpaka ng'ambo, tra, tra, tra, kila mtu akae akitazama anakokwenda. Nauli haifiki dola 10 za kwao. Tulivuka mara nne siku moja, bila kuwa na haja yoyote ng'ambo.

Daladala nazo zipo. Ni vibasi vyenye paa jekundu, ambavyo vituo havina habari navyo sana. Ukitaka kushuka unapaza sauti. Kwao "shusha" ni "yau lok". Nilisema kwa sauti ya mgeni, dereva hakusikia, tukapitilizwa. Mara ya pili nikaita kama niko Mbagala, akafunga breki pale pale. Lugha yao ina milima na mabonde ya sauti, lakini sisi tuna mtaji ambao Wazungu hawana: "mgoi", yaani asante, au tafadhali, inaanza na m ile ile ya "mtu", na "ngo", yaani mimi, ina ng' ya "ng'ombe". Jaribu. Watu watacheka, kisha watakusaidia.

Sasa visiwa. Boti zinaondoka Central, katikati ya jiji, ng'ambo ya Kowloon, gati zimepangwa kwa namba: namba 4 Lamma, namba 5 Cheung Chau, namba 6 Mui Wo na Peng Chau. Kosa letu lilikuwa kwenda Cheung Chau Jumapili. Jiji zima lilikuwa na wazo hilo. Tulisimama foleni kwenda, tukasimama foleni kurudi, na kisiwani kwenyewe, ambako hakuna magari, baiskeli zilitupigia kengele kila hatua. Hekalu la Pak Tai, la mwaka 1783, tuliliona kupitia mabega ya watu. Tukarudi siku ya kazi, Jumatano, tukakuta kisiwa kingine: wazee kwenye vigoda, mitumbwi imefungwa, harufu ya samaki wa kukausha. Ndiko alikokulia Lee Lai-shan, aliyeipatia Hong Kong dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1996 kwa mchezo wa ubao wa tanga, na ukisimama ufukwe wa Tung Wan upepo ukikupiga huulizi alijifunzia wapi.

Jumapili ibaki mjini. Ukipita Central utakuta wanawake wa Kifilipino kwa maelfu wamekaa chini juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, wanakula, wanasukana, wanapiga simu nyumbani. Waindonesia wengi utawakuta bustani ya Victoria. Ni wafanyakazi wa ndani, na siku ya mapumziko kila wiki ni haki yao kisheria. Binamu yake wifi alifanya kazi hiyo Muscat miaka minne. Wifi alikaa nao karibu saa nzima, wakipeana biskuti, hawaelewani lugha.

Lamma twende na hesabu. Kuna njia ya saruji inayokatiza kisiwa kati ya Yung Shue Wan na Sok Kwu Wan, mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu anayesimama kupiga picha, mabomba matatu ya moshi ya kituo cha umeme yakikuchungulia nusu ya safari. Sisi tulianzia Yung Shue Wan. Tulipofika Sok Kwu Wan boti ilikuwa ndiyo kwanza inaachia kamba, na upande huo boti ni za kuhesabu. Tulisubiri zaidi ya saa. Anzia Sok Kwu Wan, malizia Yung Shue Wan ambako zinapishana.

Hiyo saa ndiyo iliyotuingiza kwenye samaki. Migahawa ya pale ina matangi ya samaki hai, unanyoosha kidole, wanapika. Bei huandikwa kwa "kati" (catty), kipimo chao cha uzito, kama gramu 600. Sisi tuliisoma kama kilo. Tena usiridhike na "bei ya siku". Waambie wapime mbele yako na waandike jumla kwenye karatasi kabla samaki hajatoka majini. Wa mvuke, tangawizi na vitunguu vya majani, alikuwa mtamu, sitasema uongo. Ila tulimla tukiwa tunapiga hesabu.

Ukiwa na siku moja tu ya kisiwa, ipe Lantau, na izungushe hivi. Treni mpaka Tung Chung, kisha gari la kamba mpaka Ngong Ping, kilomita 5.7 juu ya milima na bahari. Kata tiketi ya kwenda tu. Sanamu ya Buddha ya mita 34 ina ngazi 268. Panda, shuka, usikae sana, maduka ya pale ni ya watalii. Chukua basi namba 21 hadi Tai O. Hapo kaa.

Tai O ni nyumba za mabati juu ya nguzo, maji yanapita chini ya vitanda vya watu. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa: ile harufu inayokupokea kituoni ni uduvi. Wanausaga na chumvi, wanauanika juani, unakuwa donge la zambarau linalotiwa kwenye mboga. Bibi mmoja alikuwa ametandaza viini vya mayai ya chumvi juu ya ungo, vinang'aa kama shanga za chungwa, na juu yake wamening'inia samaki wa chumvi, vichwa vimefungwa karatasi. "Ng'onda," wifi akasema, akamwonyesha bibi kwa mikono jinsi sisi tunavyompasua. Bibi akatikisa kichwa, akachukua kisu kuonyesha ya kwao. Uduvi wenyewe siku hizi wanaununua nje, maana uvuvi wa nyavu za kukokota ulipigwa marufuku katika maji ya Hong Kong mwishoni mwa 2012.

Kurudi, basi namba 1 hadi Mui Wo, halafu boti. Utaingia Central taa zinawaka.

The Peak, mlima unaotazama jiji, tulikwenda kwa basi namba 15 kukwepa foleni ya treni ya mlimani. Pazuri, dakika ishirini zinatosha.

Tulikwenda Novemba, jua la kawaida, hakuna jasho. Miezi ya joto ni ya tufani. Ikipandishwa ishara ya onyo la tufani namba 8 boti zinasimama zote, na ukiwa kisiwani utalala huko huko. Kwa hiyo dawa zako, chaja na nguo moja ya kubadili viwe ndani ya begi la mgongoni kila unapopanda boti, hata kama anga ni jeupe.