Usimsome mtu kwa mwendo wake

Nimezaliwa Wete, na kwetu Pemba "shoga" ni neno tamu: mwanamke mwenzio wa kushona naye kofia na kumnong'oneza ya nyumbani. Mara ya kwanza nilipokwenda Dar es Salaam nikamwita mpangaji mwenzangu, "Shoga, njoo tule," nyumba nzima ikacheka. Kule ndilo tusi wanalomtupia mwanamme anayependa wanamme. Nilitahayari, na tangu hapo nikawa na hadhari na majina tunayowavika watu.

Hadhari hiyo ilikuja kwa kuchelewa kwa mtoto wa kaka yangu. Alikuwa mpole, sauti nyembamba, mkono mwepesi kwenye kofia za viua kutushinda sie wanawake. Mtaani wakamwita hanithi. Mie shangazi yake, kwa nia njema ati, nikawa namwambia, "Tembea kiume." Akaacha kupita barazani, akawa anazungukia nyuma kwenye minazi hata akitumwa chumvi. Leo ana mke na watoto watatu, na mwendo ni uleule.

Na yupo mwengine, mvuvi, kifua wazi, mdomo mchafu, hakuna aliyewahi kumdhania. (Kijiji sikitaji na mengine nimeyageuza, msihangaike kumtafuta.) Yeye ndiye aliyeniambia, tukiwa wawili tu, kwamba moyo wake haujawahi kumwendea mwanamke.

Hapo nikaanza kuyatenganisha niliyokuwa nayafunga kanga moja. Mwili uliozaliwa nao ni jambo moja. Unavyojijua moyoni, mwanamme au mwanamke, au hujioni katika hayo mawili, ni jengine. Nguo, sauti na mwendo ni la tatu. Unayempenda ni la nne. Ukijua moja hujayajua yaliyobaki.

La tatu ndilo linalotudanganya zaidi, maana hubadilika kwa mji. Mgeni akimwona babu yangu na kikoi chake hudhani kavaa sketi. Bi Kidude, aliyefariki 2013, alipiga ngoma na kuvuta sigara mbele za watu, na bado ndiye aliyewafunda wari unyagoni.

La mwili nalo si geni kwetu. Fiqhi ya Kishafii ina mlango wa huntha, mtu ambaye maumbile yake hayabainishi kama ni wa kiume au wa kike. Katika mirathi hupewa fungu lenye yakini, kinachobaki kikasubiri mpaka ibainike. Wanazuoni walimpa jina na hesabu. Sie tunampa kicheko. Tena tunamchanganya na anayependa jinsia yake, na hayo mawili hayahusiani.

Watakaonambia ni maradhi: Shirika la Afya Duniani liliondoa kupenda jinsia moja kwenye orodha ya maradhi mwaka 1990. Orodha inayotumika tangu 2022 haimhesabu tena kuwa mgonjwa wa akili mtu anayejijua kwa jinsia nyengine na ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Halali na haramu waulizeni wenye elimu, mie si mufti. Lakini pesa ya mganga kanunulieni unga.

Sasa ikitokea mtoto wako, au mdogo wako, kakuambia. Usimwendee mbio kaka mkubwa, wala usiandike kwenye kundi la familia. Sheria ya Zanzibar ya 2004 iliweka kifungo kwa mahusiano ya jinsia moja, ya wanawake pia, kwa hiyo siri ikivuja haiishii kwenye aibu ya mtaani. Muulize nani mwengine anajua, kisha nyamaza. Na msimuozeshe haraka "atulie". Nimeona ndoa ya namna hiyo: binti wa watu alikaa miaka akidhani ubaya ni wake, anabadilisha udi na asmini kila wiki, na mume amelala kampa mgongo. Hapo mmedhulumu wawili kwa harusi moja.

Mimi mwenyewe siku ile sikuwa na busara yoyote. Mvuvi kamaliza kusema, nimekaa, ulimi mzito. Nikamuuliza kama ameshakula. Akasema bado. Nikamkatia mkate wa kumimina, nikamtilia chai, tukala kimya. Mpaka leo akitoka baharini hunipitishia changu wawili watatu, na hagomi kukaa.